Jinsi ya kuwafundisha madogo kudaka mpira wa chini kwenye besiboli, hata kama uwanja wenu una mashimo

Muulize kocha yeyote anayefundisha besiboli mashuleni huku kwetu nini kinamnyima usingizi, hatakwambia kupiga. Kupiga madogo wanapenda wenyewe, ukishawapa gongo hawataki kuliachia. Balaa ni mpira wa chini, ule unaopigwa ukaja unadunda dunda ardhini. Unamkuta dogo kasimama vizuri tu, glavu mkononi, mpira unakuja taratibu kabisa afu unapita katikati ya miguu na timu nzima inaanza kukimbiza kuelekea ukutani.

Na kelele zinazosikika uwanjani saa hizo ni zile zile, "mikono! mikono!" Mimi naona tunapiga kelele kwenye kiungo kisichohusika. Mpira wa chini unadakwa na miguu, na kabla ya miguu kuna woga. Dogo ambaye haogopi mpira na miguu yake imemfikisha sehemu sahihi, mikono yake haina kazi kubwa, hata glavu iwe imechanika. Kwahiyo huu mwongozo umekaa kwa mpangilio huo, tunaanza na woga, tunakuja miguu, afu ndo mikono. Nimeuandika kwa watoto wa kama miaka 7 hadi 14, na maelezo yote ni ya anayerusha kwa mkono wa kulia, mwenye mashoto mgeuzie.

Uwanja, mipira na glavu

Wachache wana bahati ya kucheza kwenye uwanja wa besiboli kweli kweli kama ule wa Azania pale Dar uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Wengi wetu tunagawana uwanja wa mpira wa miguu na vumbi lake, vijiwe, vichuguu, na mbuzi wa jirani. Kabla ya mazoezi wapange madogo mstari mmoja waende upande hadi upande wakiokota mawe, mizizi na vioo, dakika tano zinatosha, afu wawili wachukue fagio la chelewa au reki wasawazishe pale mbele ya besi, vile vituo ambavyo mkimbiaji anavipitia. Kama kuna maji mwagia kidogo, udongo ukishika unyevu mpira unadunda kwa adabu. Usiione kama kazi ya usafi, ni kazi ya woga ile, maana dogo akishapigwa na mpira uliogonga jiwe ukamrukia mdomoni itakuchukua muda mrefu sana kumrudisha.

Mpira rasmi wa besiboli una gramu kama 142 hadi 149 na ni mgumu kwelikweli. Usianze nao. Japani ambako besiboli ni kama dini, watoto wengi wa shule ya msingi wanacheza na mpira wa raba, sio ule wa ngozi. Sisi tutumie mipira ya tenisi, ulizia klabu yoyote ya tenisi iliyo karibu, ile iliyochakaa huwa wanaitupa. Ikikosekana kabisa hata mpira wa soksi uliofungwa vizuri unafaa kwa siku za mwanzo, haudundi sana lakini unafundisha mkao.

Glavu sasa. Nyingi tunazopata ni za msaada na nyingi ni za watu wazima, dogo wa miaka 9 anavaa glavu inayomfika kwenye kiwiko, anashindwa kuifungua wala kuifunga. Kwa watoto inchi 10 hadi 11 inatosha kabisa kwa wachezaji wa ndani, yaani wanaosimama karibu na besi. Kama hamna, acha wadake bila glavu na mpira wa tenisi, na nakwambia ukweli hiyo ni faida wala sio shida, utaona huko mbele.

Hatua ya kwanza: toa woga

Watoto wetu wanakuja na mazoea mawili kutoka mtaani na yote yanapingana na besiboli. La kwanza ni rede. Aliyecheza rede tangu mdogo mwili wake umefundishwa kwamba mpira ukija kwa kasi, kwepa, na sasa wewe unamwambia aufuate. La pili ni chandimu, dogo akiona mpira unabingirika mguu unatoka wenyewe kwenda kuutuliza, anauzuia kwa guu kama beki wa kati. Usimcheke wala usimkaripie, mwambie tu huku mguu unakwenda mbele kukufikisha, mpira ni wa mikono.

Ila mtaa umetupa zawadi pia. Waliocheza mdako, hasa wasichana, wana mikono laini ajabu. Macho yao yamezoea kufuata kijiwe kikienda juu na kushuka huku mkono mwingine unafanya kazi chini. Nikiwa na kundi jipya huwa nauliza nani anajua mdako, hao nawaweka mbele waoneshe wenzao.

Zoezi la woga liko hivi. Wawili wawili, umbali wa hatua nne hivi, bila glavu, mpira wa tenisi. Mmoja anabingirisha taratibu, mwenzake anachuchumaa anaudaka kwa mikono miwili. Mtazame usoni, usimtazame mikono. Anayeogopa anafanya kitu kimoja kila mara, sekunde ya mwisho kidevu kinapanda kwenye bega na macho yanakwenda pembeni. Ukiona hivyo chukua maka peni, andika namba kwenye mipira, 1 hadi 9, kubwa kubwa, afu mwambie akidaka ataje namba aliyoiona mpira unaingia mkononi. Hawezi kutaja namba kama kageuza uso. Inakuwa mchezo, wanaanza kubishana "ilikuwa sita!" "tisa hiyo!", na kidevu kinashuka chenyewe bila wewe kusema neno.

Usiharakishe hapa. Kundi la miaka 7 na 8 linaweza kukaa kwenye hatua hii wiki kadhaa na hakuna ubaya, kasi ya mpira unaipandisha kidogo kidogo, na mpira mgumu haugusi uwanja mpaka tenisi iwe imezoeleka kiasi kwamba wanaona inachosha.

Hatua ya pili: mkao

Kuna mikao miwili na makocha wengi wanaichanganya. Kuna mkao wa kusubiri na kuna mkao wa kudaka.

Wa kusubiri ni kabla mpigaji hajapiga. Miguu imepanuka kidogo kuliko mabega, magoti yamelegea, uzito mbele kwenye vidole na sio kwenye visigino, mikono mbele imelegea. Wengi wanaishia hapo na dogo anaganda kama sanamu. Mtu aliyeganda akitaka kwenda kushoto lazima kwanza ajiondoe pale alipoganda, na huo muda hana. Kwahiyo mrushaji anavyoachia mpira, dogo apige vihatua viwili vidogo mbele, kulia-kushoto, ili mpira unapofika kwa mpigaji miguu yake ndo inatua chini. Muangalie golikipa kabla ya penati anavyorukaruka, kazi yake ni hiyo hiyo. Zoezi lake halihitaji hata mpira, wewe jifanye unarusha, wao wapige vihatua, afu onesha kidole kushoto au kulia wakimbie hatua tatu. Dakika tatu, inatosha.

Mkao wa kudaka ni pale mpira umefika. Miguu imepanuka zaidi, mguu wa kushoto umetangulia kidogo mbele ya wa kulia, makalio chini, na mgongo karibu ulale sawa na ardhi. Wanachokosea karibu wote ni kuinama kiunoni na magoti yamenyooka, glavu inaning'inia inchi kadhaa juu ya ardhi na mpira unapita chini yake. Namna ya kupima ni rahisi, mwambie aweke mgongo wa glavu ugusane na udongo mbele ya miguu yake. Akianguka mbele hajapanua miguu, akishindwa kufika chini hajakunja magoti.

Glavu inakaa mbele, sio katikati ya miguu. Ukichora mstari kutoka mguu wa kulia hadi glavu na kutoka mguu wa kushoto hadi glavu, unapata pembetatu na glavu ndo ncha yake. Ichore kabisa kwenye udongo kwa kijiti, dogo aweke miguu kwenye pembe mbili na glavu kwenye ya tatu. Akiwa hivyo anauona mpira na glavu kwa pamoja, lakini glavu ikiwa nyuma kati ya miguu mpira unapotelea chini ya kifua chake na anadaka kwa kubahatisha.

Na glavu ianze chini ipande juu, kamwe isianze juu ishuke. Mpira ukiruka ghafla mkono unapanda haraka wenyewe, lakini kushuka ni shida hata kwa wakubwa. Wanaofuatilia besiboli ya Marekani wanaijua ile ya tarehe 25 Oktoba 1986, mechi ya sita ya fainali, mpira wa kawaida kabisa ukapita chini ya glavu ya Bill Buckner wa timu ya Boston na wapinzani wao, Mets wa New York, wakashinda mechi. Buckner alikuwa mchezaji mzuri sana na vifundo vya miguu vilikuwa vinamuuma, kwahiyo nawasimulia madogo sio kumcheka, nawasimulia waelewe kwanini nawasumbua na habari ya glavu kugusa udongo.

Hatua ya tatu: miguu, na hapa ndo ukae

Ukiwa na muda wa kufundisha kitu kimoja tu msimu mzima, fundisha hiki. Mpira wa chini hausubiriwi, unafuatwa. Lakini haufuatwi mbio za moja kwa moja pia, maana ukiukimbilia uso kwa uso huwezi kupima unakuja kwa kasi gani. Unaufuata kwa kupinda kidogo, unaanza kama unakwenda upande wa kulia wa mpira afu unauingilia, hivyo unauona kwa ubavu na mwili wako tayari unaelekea besi ya kwanza unakotaka kurusha. Weka koni (au kandambili, nani ana koni) hatua mbili mbele na kulia kidogo ya dogo, mwambie apite nje ya koni kwanza ndo aje kwenye mpira. Siku ya kwanza wanazunguka kama wanakwenda dukani, siku ya tatu wanaanza kukata kona vizuri.

Anapokaribia apunguze mwendo. Kubwa, kubwa, ndogo, ndogo, hivyo ndo hatua zinavyokwenda, na mbili za mwisho ni kulia kisha kushoto, na kushoto kukitua glavu iko chini tayari. Waimbishe kwa sauti, "kulia, kushoto, daka!" Uwanja mzima ukiimba utasikia mwenyewe nani kachelewa.

Sasa midundo. Mpira ukija unadunda una sehemu tatu za kukutana nao. Kuna mdundo mrefu, yaani umeshapanda na unashuka, upo kiunoni au kifuani, huu ni rahisi. Kuna mdundo mfupi, yaani umegusa ardhi sasa hivi na unaanza kupanda mbele ya glavu, huu nao ni rahisi ukizoea maana haujapata nafasi ya kubadili mawazo. Afu kuna wa katikati, umeshaacha ardhi na upo usawa wa magoti unapanda, haupo karibu wala mbali, na huu ndo unaopiga watoto kwenye kidevu na kwenye mbavu. Kazi yote ya miguu ni kukwepa huu wa katikati, ama unasogea mbele uukute mfupi, ama unarudi nusu hatua uupate mrefu.

Hapa ndo utasikia malalamiko. "Ticha, umedunda vibaya!" Na kweli viwanja vyetu vinadundisha vibaya. Lakini angalia vizuri, mara nyingi dogo alisimama akausubiri, mpira ndo ukachagua udunde wapi. Mimi huwa namjibu, "Haya dogo, ungekuwa hatua mbili mbele ungedundia wapi?" Anafikiria, anaonesha kwa kidole, anajicheka. Ukiuliza hivyo mara kadhaa wanaanza kuulizana wenyewe, na mpira wa jiwe kweli ukitokea wanajua kutofautisha.

Zoezi la midundo: simama mbali naye kama mita 10, urushe mpira kwa mkono udunde mara mbili tatu, yeye asidake, aseme tu kwa sauti "mrefu" au "mfupi" huku anasogea. Baadae ndo adake. Kusoma mpira ni kitu kimoja na kudaka ni kitu kingine, ukivitenganisha wanaelewa haraka kuliko kuvipakia pamoja.

Hatua ya nne: mikono

Piga magoti. Hili zoezi Wamarekani wanalihusisha sana na Ron Washington, kocha ambaye mwaka 2015 alipokuwa timu ya Oakland alimchukua mchezaji wao Marcus Semien, aliyefanya makosa 35 msimu ule, wakawa wanafanya mazoezi ya msingi kila siku kabla ya mechi, pamoja na kudaka wakiwa wamepiga magoti. Semien huyo huyo mwaka 2021 alishinda tuzo ya glavu ya dhahabu, ile ya wadakaji bora, akicheza besi ya pili timu ya Toronto. Mchezaji wa kulipwa anapiga magoti anabingirishiwa mpira kama mtoto wa darasa la pili, kwahiyo dogo wako akisema zoezi hili la kitoto mwambie hivyo.

Linafanyikaje? Wawili, mita tatu au nne, mdakaji kapiga magoti, glavu ndogo au mkono mtupu. Mwenzake anampigia mdundo mfupi kabisa, udunde kama futi moja mbele ya glavu. Kwanza mbele yake, halafu kushoto, halafu kulia kwa bekihendi, yaani mkono wa glavu unakatiza mbele ya mwili kwenda upande wa kurushia. Miguu haipo, kwahiyo mikono ndo inabaki peke yake ukaione vizuri. Mambo ya kuangalia ni machache. Glavu imefunguka, kiganja kinautazama mpira. Mkono unasogea kuufuata mpira kidogo, haukakamai. Mkono wa kurushia uko juu ya glavu umefunguka kama mfuniko, ukiingia mpira unafunika, na huo mfuniko ndo kinga ya uso mpira ukiruka. Halafu mpira unavutwa tumboni, laini, hausimamishwi hapo hapo kama unapigwa breki.

Mkono ukiwa mgumu utausikia kwa masikio, glavu inalia "pwa" na mpira unatoka nje. Hapo mvue glavu. Mpe mpira wa tenisi na mkono mtupu, au kipande cha ubao kilichosawazishwa ambacho hakiwezi kufunga, ili alazimike kutumia mikono miwili na kulainisha. Ndo maana nilisema kukosa glavu ni faida. Vidole vielekee chini kwa mpira wa chini, vielekee juu ukiwa juu ya kiuno, akikosea hapo anaweza kuteguka kidole kwahiyo kuwa mkali.

Hatua ya tano: kutoka glavu hadi besi

Kudaka bila kurusha hakumtoi mtu, mpira lazima uwahi besi kabla ya mkimbiaji. Kwenye uwanja wa Little League, ligi ya watoto ya Marekani, kati ya besi na besi ni mita 18.29, uwanja wa wakubwa ni 27.43, na mkimbiaji hatakusubiri. Mpira ukiwa tumboni mkono wa kulia unautoa huku unatafuta mshono, vidole viwili vikikatiza ule mshono uliopinda kama U, hapo mpira unakwenda umenyooka. Miguu, mguu wa kulia unapita mbele ya wa kushoto ukitua kwa ubavu, bega la kushoto linaelekea besi, hatua, rusha, na baada ya kurusha endelea hatua mbili kuufuata mpira wako.

Usiwaache warushe kila mpira kwenye mazoezi ya kudaka, mabega ya watoto yanachoka na hawasemi. Mimi robo tatu ya mipira wanaidaka, wanafanya miguu ya kurusha, wanaishia hapo na kuweka mpira kwenye ndoo.

Ya pembeni

Hizi ziguse tu mpaka msingi umekaa. Bekihendi, yaani mpira unaokuja upande wa mkono wa kurushia, mguu wa kushoto unakatiza mbele, goti la kulia linashuka karibu na ardhi, glavu wima na dole gumba chini. Mpira unaokwenda mbali kushoto, kimbia kwanza, glavu itoke mwishoni, ukikimbia na mkono umenyooshwa unapunguza mwendo. Mpira mfu ule uliogongwa vibaya ukabingirika polepole, ukimbilie, mikono miwili, chini nje ya mguu wa kushoto. Kuudaka kwa mkono mtupu ni pale tu umesimama kabisa, madogo wanapenda kuiga video za wakubwa hapa, wakatalie.

Kuendesha zoezi lenyewe

Mstari mmoja wa watoto 15 na kocha mmoja mwenye gongo ni upotevu wa jioni, kila mmoja anagusa mpira mara chache, waliobaki wanachimba mchanga. Gawa vikundi vya watatu wanne: mmoja anabingirisha, mmoja anadaka, mmoja anapokea, wanazunguka. Wewe pita katikati. Kabla ya kushika gongo bingirisha kwa mkono kwanza, mkono haukosei kama gongo. Ukianza kupiga, kile Wajapani wanaita nokku na wanakifanya hadi jua linazama, piga mpira ambao dogo anaufikia kwa hatua mbili tatu, wa mwisho kwa kila mtoto uwe rahisi aondoke amedaka. Kama huwezi kupiga kwa usahihi usione aibu, endelea kurusha kwa mkono. Kwa watoto dakika 20 za mpira wa chini zinatosha, zaidi ya hapo miguu inachoka na mkao unaharibika, mnajifunza makosa.

Sahihisha kitu kimoja kwa wakati. Leo ni makalio chini, basi hata glavu ikichelewa nyamaza. Wavulana kwa wasichana wafanye pamoja, mpira hauulizi.

Na mtoto akipigwa na mpira, maana itatokea tu. Simamisha kikundi chake, muangalie macho, mdomo, pua. Kapigwa kichwani, anaona kizunguzungu, anatapika au anachanganyikiwa, siku yake imeisha hapo na anakwenda hospitali, asirudi uwanjani hata akisisitiza yuko poa. Kama ni kwenye mkono au paja tu na baada ya maji anacheka, mrudishe siku hiyo hiyo kabla hajaondoka, ila mrudishe kwenye mpira wa tenisi, wa kubingirisha, mita nne, na ile mipira yenye namba. Mitano hivi ataje namba zote, afu aende nyumbani.